Pavel Cherenkov na Nuru ya Buluu

Sisi wanafunzi wa Nyakabanda tumefundishwa kwamba hakuna kiendacho upesi kuliko nuru. Neno hilo ni kweli mahali patupu, ambapo nuru hukata kilometa 300,000 kwa sekunde. Lakini ndani ya maji mwendo wake hupungua hata kuwa kama kilometa 225,000, na hapo chembe ndogo yenye umeme yaweza kuipita. Hizi ni habari za mtu aliyechunguza jambo hilo.

Pavel Cherenkov alizaliwa tarehe 28 Julai, 1904, katika kijiji cha Novaya Chigla, nchi ya Urusi. Wazazi wake walikuwa wakulima. Mama yake alifariki Pavel akali mtoto mdogo. Alisoma miaka miwili tu, kisha ikambidi afanye kazi ya kibarua. Shule ya sekondari ilipofunguliwa kijijini alirudi darasani, huku akifanya kazi apate riziki. Mwaka wa 1928 alimaliza masomo katika Chuo Kikuu cha Voronezh, akawa mwalimu wa shule, na mwaka wa 1930 akaenda Leningrad kuongeza elimu.

Huko mkuu wake, Sergei Vavilov, alimpa kazi ya kuchunguza jinsi chumvi za urani zilizoyeyushwa zinavyong'aa zikipigwa na miali ya radiumu. Nuru yake ilikuwa hafifu mno. Kwa hiyo, kabla ya kupima, Cherenkov alikaa gizani kama saa nzima ili macho yazoee. Basi akaona ajabu: hata maji safi, yasiyo na chumvi yo yote, yalitoa nuru ya buluu.

Mwingine angaliidharau nuru ile kama kitu cha kuharibu vipimo. Wataalamu wengine walimcheka. Yeye aliyapasha maji moto, akatia dawa zinazofifisha mng'ao wa kawaida, lakini nuru ile haikufifia. Hivyo akajua ni nuru ya namna nyingine, akaitangaza mwaka wa 1934. Tena siku zile zilikuwa za hofu: baba yake alikamatwa na serikali, akauawa mwaka wa 1938. Mwana hakuiacha kazi yake.

Mwaka wa 1937 wenzake Ilya Frank na Igor Tamm walieleza sababu. Miali huzifukuza elektroni majini kwa kasi ipitayo ile ya nuru. Tazama mashua ya mota katika Ziwa Kivu: ikiyapita mawimbi yake, huyaacha nyuma yamejipanga kama kichwa cha mshale. Elektroni nazo huacha nyuma yao wimbi la nuru.

Mwaka wa 1958 watu hao watatu walipewa Tuzo ya Nobel. Vavilov hakuishi kuiona siku hiyo, maana alifariki mwaka wa 1951. Mwaka wa 1959 mtambo wa kwanza wa atomiki katika Afrika ulianza kazi kwa jirani zetu wa Kongo, mjini Leopoldville, ambao sasa ni Kinshasa. Moyo wa mtambo wa namna ile hukaa ndani ya maji, na maji hayo hung'aa kwa nuru ya Cherenkov.

Alifariki tarehe 6 Januari, 1990. Kibarua wa kijijini alipata sifa duniani kwa kuwa hakudharau kidogo alichokiona. Mvumilivu hula mbivu.