Paul Ehrlich: daktari aliyetabiri milango ya seli

Wataalamu wa saratani ya ini wanapozungumzia vipokezi, yaani milango midogo iliyo juu ya seli za mwili, wanatumia fikra iliyoasisiwa na daktari wa Kijerumani aliyefariki dunia mwaka 1915. Daktari huyo ni Paul Ehrlich.

Ehrlich alizaliwa tarehe 14 Machi 1854 katika familia ya Kiyahudi huko Strehlen, mji uliokuwa wa Prussia wakati huo na ambao sasa uko Poland. Tangu ujana alivutiwa na rangi. Binamu yake, Karl Weigert, alimfundisha kupaka rangi vipande vya nyama ya mwili ili vionekane vizuri kwenye hadubini. Kijana huyo akagundua kwamba rangi moja hunasa kwenye seli za aina fulani na kuziacha nyingine. Akajiuliza: kama rangi inaweza kuchagua, kwa nini dawa isichague?

Swali hilo ndilo lililoongoza maisha yake yote. Kazi ya maabara ilimwachia kifua kikuu, na mwaka 1888 akalazimika kwenda Misri kutafuta hewa kavu. Alipopona alirejea Ujerumani, akashirikiana na Emil von Behring kutengeneza dawa ya dondakoo, maradhi yaliyokuwa yakiua watoto wengi wa Ulaya. Mwaka 1897 alitoa nadharia yake kwamba seli ina mikono maalumu inayoshika sumu jinsi kufuli linavyopokea ufunguo wake. Miaka michache baadaye akaiita mikono hiyo vipokezi. Mwaka 1908 alipewa Tuzo ya Nobel ya Tiba pamoja na Ilya Mechnikov.

Historia yake inagusa pia Afrika Mashariki. Mwaka 1906 na 1907 Robert Koch aliwatibu wagonjwa wa malale katika visiwa vya Ssese, Uganda, kwa dawa ya arseniki iitwayo atoksili. Dawa hiyo ilipunguza vimelea, lakini baadhi ya wagonjwa walipofuka. Atoksili hiyo hiyo ndiyo aliyokuwa akiichunguza Ehrlich huko Frankfurt. Yeye na wenzake walijaribu mamia ya michanganyiko wakitafuta dawa itakayokipiga kimelea na kumwacha mgonjwa salama. Mwaka 1909 Mjapani Sahachiro Hata aligundua kuwa mchanganyiko nambari 606 unaua vijidudu vya kaswende. Mwaka 1910 uliingia sokoni kwa jina la Salvarsan. Nao haukukosa madhara, na Ehrlich alishambuliwa vikali kwa sababu hiyo.

Alifariki tarehe 20 Agosti 1915. Utawala wa Wanazi ulipoingia, jina lake liliondolewa barabarani na mjane wake, Hedwig, akaihama nchi.

Je, fikra yake imefika wapi? Sasa inajulikana kwamba kipokezi kikishika ujumbe, hupeleka ishara hadi ndani ya kiini cha seli. Huko jeni fulani huwashwa, nyingine huzimwa, na hapo ndipo huamuliwa seli itengeneze protini gani na kwa kiasi gani. Katika saratani ya ini, mara nyingi ishara hizo hazizimiki. Seli huendelea kutengeneza protini za kuifanya igawanyike na za kuvuta mishipa mipya ya damu. Dawa ya sorafenibu, iliyoidhinishwa kwa saratani hiyo mwaka 2007, huzuia baadhi ya vipokezi hivyo. Huongeza miezi ya kuishi, lakini si tiba kamili.

Mwaka 2012 watafiti wa Beijing waligundua mlango mwingine: kipokezi ambacho kazi yake ni kuingiza chumvi za nyongo kwenye seli za ini, lakini virusi vya homa ya ini aina ya B hukitumia kuingilia. Virusi hivyo ni miongoni mwa visababishi vikubwa vya saratani ya ini barani Afrika. Kwa bahati nzuri chanjo yake ipo, na mtoto anaweza kuipata tangu siku anayozaliwa. Chanjo hiyo huufundisha mwili kutengeneza kinga inayovinasa virusi kabla havijalifikia ini, na kazi ya kinga za aina hiyo ndiyo Ehrlich aliyojaribu kuieleza mwaka 1897.