Bombay: Jamaa aliyevuka Afrika kwa miguu na kutuzwa medali ya fedha

JUMAMOSI saa kumi na moja alfajiri, steji ya mtaa wa Fedha huwa na watu wa aina mbili. Kuna wanaorudi nyumbani kutoka kwa raha za Ijumaa usiku, na kuna wenye mabegi mgongoni na chupa mbili za maji, wakingoja matatu ya kukodi iwapeleke Longonot, Kilimambogo ama Elephant Hill. Jioni hawa wa pili watarudi wamejaa vumbi hadi kwenye kope, magoti yanauma, na simu ina picha mia mbili.

Kukwea milima ni raha kubwa kwa vijana wa Eastlands siku hizi, na si mchezo. Kuzunguka ile kreta ya Longonot pekee ni kama kilomita saba, na hapo hujahesabu kupanda na kushuka.

Lakini kuna jamaa mmoja ambaye hata ukikwea kila wikendi mwaka mzima hutamfikia. Anakadiriwa kusafiri kilomita 9,600 barani Afrika, nyingi kati yake kwa miguu. Hebu piga hesabu: hiyo ni sawa na kutoka Fedha hadi Mombasa na kurudi, mara kumi. Alifika Ziwa Tanganyika na Ziwa Victoria, akaufuata mto Nile hadi Misri, na baadaye akavuka bara zima kutoka Bahari ya Hindi hadi Atlantiki.

Anaitwa Sidi Mubarak Bombay. Shuleni tulikaririshwa Burton, Speke, Grant, Stanley na Cameron. Wote hao watano walisafiri naye.

MTOTO ALIYEUZWA KWA VITAMBAA

Alizaliwa karibu mwaka wa 1820 katika jamii ya Wayao, upande ambao leo ni mpakani mwa Tanzania na Msumbiji. Mama yake alifariki yeye akiwa bado mchanga.

Alipokuwa na umri wa miaka kama 12, wafanyabiashara kutoka pwani walikizingira kijiji chao wakiwa na bunduki na panga. Walidai walipwe papo hapo madeni ya nguo na shanga ambazo watu walikopa wakati wa njaa. Wanakijiji hawakuwa na cha kulipa. Walipojaribu kutoroka, wengi walikamatwa, na mtoto huyo akawa mmoja wao. Baba yake hakumwona tena.

Hiyo ndiyo ilikuwa safari yake ya kwanza ndefu, na hakuichagua. Walipelekwa kwa miguu hadi Kilwa, akauzwa kwa vitambaa, kisha akavushwa bahari hadi magharibi mwa India. Huko aliishi miaka mingi akimtumikia bwana wake, akajifunza Kihindustani.

Hata majina tunayomjua kwayo aliyapata katika maisha hayo ya utumwa. Sidi ni jina ambalo watu wa India waliwaita wenye asili ya Afrika. Bombay ni lile jiji ambalo leo linaitwa Mumbai.

Bwana wake alipofariki, Mubarak aliachwa huru. Alirudi Zanzibar na kujiunga na askari wa Sultani.

KAZI ILIYOMPATA NGOMENI

Februari 1857, Waingereza wawili walipita kwenye ngome ndogo ya Chogwe, karibu na mto Pangani. Walikuwa Richard Burton na John Speke, maafisa wa jeshi la India, wakiwa kwenye safari fupi ya majaribio kabla ya ile kubwa ya bara. Walimkuta Bombay akiwa askari pale na kazi yake ikawapendeza sana. Walimlipia madeni yake ndipo akakubali kuacha uaskari na kufuatana nao.

Speke hakujua Kiswahili wala Kiarabu, lakini Kihindustani alikijua, na Bombay pia. Kwa hivyo Speke alipotaka kusema na chifu, na wapagazi ama na muuza kuku njiani, maneno yake yalipitia kwenye kinywa cha Bombay. Tukisoma leo kwamba Speke aliambiwa jambo fulani na wenyeji, mara nyingi aliyeambiwa kwanza ni Bombay.

Na safari zenyewe? Sahau hema za kukodi na chai ya thermos. Mizigo ilibebwa na watu, kila mpagazi akiwa na kama kilo 30 begani ama kichwani. Ndani ya mizigo hiyo kulikuwa na pesa za wakati huo: vitambaa vya pamba vilivyoitwa merikani kwa kuwa vilitoka Marekani, shanga za rangi mbalimbali na nyaya za shaba. Shanga iliyopendwa kijiji hiki ingeweza kukataliwa kijiji kinachofuata, kwa hivyo ilibidi ujue mapema utakapopita watu wanavaa nini.

Halafu kulikuwa na hongo. Siku hizi neno hilo tunalijua kwa mambo ya barabarani na ofisini, lakini wakati huo hongo ilikuwa ada ya kupita katika nchi ya chifu. Mazungumzo yake yangeweza kuchukua siku kadhaa huku chakula kikiisha. Wapagazi nao walitoroka usiku, wengine na mizigo. Kazi ya kutuliza chifu, kugawa posho, kutafuta waliotoroka na kununua chakula ndiyo iliyomwangukia Bombay zaidi kadiri miaka ilivyosonga.

ZIWA TANGANYIKA, KISHA VICTORIA

Msafara uliondoka pwani Juni 1857 na kufika Tabora Novemba. Februari 13, 1858, waliona Ziwa Tanganyika. Burton alikuwa amedhoofishwa na malaria kiasi cha kutoweza kutembea. Speke alikuwa na ugonjwa wa macho, haoni vizuri. Burton alipoona kitu kinang'aa chini ya vilima aliuliza ni nini, na Bombay ndiye aliyemjibu kwamba ni maji.

Vitabu viliandika kwamba Wazungu hao wamegundua ziwa. Watu wa Ujiji walikuwa wakivua samaki humo tangu jadi.

Speke na Bombay walilivuka ziwa hilo kwa mtumbwi. Usiku mmoja, baada ya dhoruba, mdudu aliingia katika sikio la Speke, naye akajaribu kumtoa kwa kisu kidogo. Aliumia vibaya na sikio hilo likapoteza uwezo wake wa kusikia.

Julai mwaka huo, Burton akiwa bado amebaki Tabora, Speke na Bombay walielekea kaskazini. Agosti 3, 1858, walisimama mahali ambapo leo ni Mwanza, mbele ya ziwa ambalo Speke aliliita Victoria, jina la malkia wa kwao.

Mwaka wa 1860 Speke alirudi kutafuta mahali mto Nile unapoanzia, safari hii akiwa na James Grant, na Bombay akaajiriwa tena. Walipita Karagwe kwa Rumanika, wakafika Buganda kwa Kabaka Mutesa, na Julai 1862 Speke akayaona maji yakitoka ziwani pale Jinja.

Siku chache kabla ya hapo, walipoufikia mto wenyewe, Speke aliwaambia watu wake wanyoe vichwa na kuoga katika maji hayo matakatifu. Bombay alimjibu kwamba wao hawayachukulii mambo hayo kwa ndoto kama yeye. Kwake mto ulikuwa mto. Waliufuata hadi Gondokoro, katika Sudan Kusini ya leo, wakafika Februari 1863, kisha wakashuka hadi Cairo.

MEDALI NA NGUMI

Chama cha kifalme cha jiografia cha London kilimtuza Bombay medali ya fedha kwa safari hiyo. Wenzake waliovumilia hadi Misri walipewa medali za shaba. Kwa mtu aliyewahi kuuzwa kwa vitambaa pale Kilwa, hilo halikuwa jambo dogo.

Lakini kuna upande mwingine. Katika safari hiyo hiyo, Speke alimpiga Bombay ngumi mbele ya watu aliokuwa akiwasimamia, na akaandika mwenyewe kitabuni kwamba alifanya hivyo. Henry Morton Stanley, aliyemwajiri mwaka wa 1871 kuwa mkuu wa askari wa msafara wa kumtafuta David Livingstone, naye alimchapa. Yeye pia aliandika, bila kuona haya.

Bombay hakuwa malaika. Alipenda pombe, aligombana na wenzake, na Stanley alilalamika kwamba ni mzembe na msahaulifu. Huenda baadhi ya malalamiko hayo yalikuwa kweli. Lakini jiulize: kama alikuwa mbaya hivyo, kwani kwa nini Wazungu kadhaa waliofika Zanzibar wakitaka kwenda bara walimtafuta yeye? Msafara wa Stanley ulifika Ujiji Novemba 1871, Livingstone akapatikana, na Stanley akawa maarufu duniani kote.

BAHARI HADI BAHARI

Safari yake ndefu zaidi ilianza Machi 1873, chini ya Luteni Verney Lovett Cameron. Bombay alikuwa na umri wa zaidi ya miaka 50. Kazi ilikuwa kumpelekea Livingstone msaada, lakini wakiwa Tabora walikutana na watu waliobeba maiti yake kuelekea pwani, wakiongozwa na Chuma na Susi.

Wangeweza kurudi. Badala yake Cameron aliendelea na magharibi, na Bombay naye. Walipima sehemu ya kusini ya Ziwa Tanganyika, wakapita misitu na mito ya mashariki mwa Congo hadi Nyangwe, kisha wakakata kusini-magharibi kuelekea Angola.

Sehemu ya njia hiyo walifuatana na misafara ya wafanyabiashara wa utumwa. Wanawake na watoto walitembea wakiwa wamefungwa kamba, wamebeba mizigo. Bombay aliyewahi kutembea hivyo hadi Kilwa sasa alitembea kando yao, akiwa msimamizi mwenye mshahara na medali nyumbani. Aliyeandika kitabu cha safari hiyo ni Cameron, si Bombay, kwa hivyo tulichosoma ni yale ambayo Cameron aliyaona.

Novemba 1875 walifika pwani ya Atlantiki, karibu na Benguela. Cameron anahesabiwa kuwa Mzungu wa kwanza kuvuka Afrika ya ikweta kutoka mashariki hadi magharibi. Bombay alivuka njia hiyo hiyo, kisha akarudishwa Zanzibar kwa meli.

Mwaka wa 1876 kile chama cha London kilimpa pensheni, naye akatulia. Alifariki Oktoba 12, 1885. Februari ya mwaka huo huo mkutano wa Berlin ulikuwa umemalizika, na mataifa ya Ulaya yalikuwa yakigawana nchi alizozipita, yakitumia ramani zilizochorwa katika misafara kama aliyoisimamia.

JINA LAKO LIKO WAPI?

Ukiangalia ramani leo utaona Ghuba ya Speke, kusini mwa Ziwa Victoria. Kule Rwenzori kuna Mlima Speke na Mlima Stanley. Bombay hana ghuba wala mlima hapo.

Mambo yamebadilika kidogo. Mwaka wa 2009 kile chama cha London kiliandaa maonyesho kuhusu watu kama yeye waliofichwa katika historia ya safari hizo, na mwaka wa 2022 mwandishi Candice Millard alitoa kitabu kuhusu kusakwa kwa chanzo cha Nile, River of the Gods, ambacho kinampa Bombay nafasi kando ya Burton na Speke. Hiyo ni zaidi ya miaka 130 tangu afariki.

Kwa nini hili lituhusu sisi wa Fedha? Kwa sababu kazi ya Bombay haijaisha. Nenda Mlima Kenya ama Kilimanjaro utawakuta: mwelekezi anayejua mawingu yale yanaleta mvua saa ngapi, mpishi, na vijana wa rika lako waliobeba hema na chakula cha wengine, wakikupita mbio kwenye mteremko na viatu vilivyochakaa. Picha ya kileleni ikipostiwa huwa ina mtu mmoja tu, na maandishi yanayosema amefika mwenyewe.

Kwa hivyo wikendi ijayo, matatu ikiondoka steji kukiwa bado na giza, kabla hujauliza kilele kiko mbali kiasi gani, muulize mwelekezi jina lake. Uliza pia wanaobeba mizigo wanalipwa ngapi, na kama kwenye ile ada uliyotuma kwa simu sehemu yao imo. Wakiwa kwenye picha, andika majina yao chini.

Bombay alipata medali ya fedha na pensheni, zaidi ya walichopata wapagazi wengi waliotembea naye. Wengi wao hata majina yao hayakuandikwa.