Mufalme George wa 6: pafu moja, kazi kipande kwa kipande

Mufalme George wa 6 wa Uingereza alivuta sigara miaka mingi. Tarehe 23 Septemba 1951, wanganga walimupasua katika jumba lake la Buckingham, London, wakatoa pafu lote la kushoto. Ilikuwa kansere, lakini yeye mwenyewe hakuambiwa jina la ugonjwa.

Toka pale nguvu zilipunguka, na kazi ikabidi ipunguke pia. Mwezi wa Novemba hakuenda kufungua bunge. Waziri mumoja alisoma hotuba mahali pake. Hotuba ya Noeli, ile alizoea kuisema moja kwa moja kwenye redio, mara hii aliirekodi mbele ya siku, kipande kwa kipande, akipumzika katikati.

Safari ndefu aliiachia binti yake Elizabeth. Tarehe 31 Januari 1952 alimusindikiza mpaka kwenye uwanja wa ndege, akienda Kenya. Kile alichopenda, kuwinda, hakukiacha: tarehe 5 Februari alikuwa porini Sandringham na bunduki yake. Usiku ule alikufa usingizini, akiwa na miaka 56. Elizabeth alipata habari kulekule Kenya, tayari malkia.