MAISHA YA MUNGANGA DUCHENNE

Haya ni maisha ya mutu aliyefanya kazi kubwa pasipo cheo: Guillaume Duchenne.

Alizaliwa mwaka 1806 huko Boulogne-sur-Mer, muji wa pwani ya Ufaransa. Baba yake, mutu wa bahari, alitaka mwana amufuate, lakini mwana akachagua uganga. Alimaliza masomo Paris mwaka 1831, akarudi kwao. Mwaka 1833 bibi yake akafa nyuma ya kuzaa. Familia ya bibi ikamutupia kosa, ikamutenga na mutoto wake.

Zamani zile waganga wengine walipitisha umeme mwilini kwa sindano zilizochomwa ndani ya nyama. Duchenne alijaribu vile vile, kisha akatafuta njia isiyotoboa ngozi. Akaona hivi: chuma kikavu juu ya ngozi kavu kinaunguza tu, lakini kikifunikwa kwa kitu chenye maji, umeme unapita mupaka kwa musuli, nao unajikaza. Hivi aliweza kuamusha musuli mumoja mumoja na kujua kazi yake. Tufikiri ule mukubwa wa mbele ya paja: ndio unaonyoosha goti. Ukikosa nguvu, hata kupanda ngazi ni taabu.

Mwaka 1842 alihamia Paris. Hakuwa na kazi ya kudumu katika hospitali hata moja. Alibeba kisanduku chake cha umeme toka hospitali moja mupaka ingine. Wengine walimucheka. Lakini Charcot, munganga mashuhuri wa Salpêtrière, alimuhesabu kuwa mwalimu wake. Kitabu chake juu ya umeme kilitoka mwaka 1855, kile cha mijongeo ya mwili mwaka 1867. Ugonjwa mumoja unaomaliza misuli ya watoto wanaume unaitwa kwa jina lake. Alikufa mwaka 1875.

Leo, mutu aliyepasuliwa goti anaweza kupewa umeme juu ya paja ili nguvu irudi, pamoja na mazoezi. Vibandiko vinakuwa vipana na vyenye unyevu, juu kidogo kinakusanya umeme pahali pamoja na kuumiza. Nguvu inaongezwa polepole. Mugonjwa akiumia sana, hatavumilia, na musuli hautapata faida.

Sisi wanafunzi tunajifunza hapa: kumuhurumia mugonjwa si kazi ya pembeni, ni sehemu ya dawa yenyewe.