Alikuwa na walinzi, akakosa wa kubisha hodi

Wiki hii tuyatazame maisha ya Joseph Stalin, aliyekuwa kiongozi wa Umoja wa Kisovieti. Siasa zake tuwaachie wanahistoria. Mimi nataka uone jinsi alivyougua, kwa sababu kuna somo hapo kwa kila mwenye mzazi mzee au mgonjwa anayelala peke yake chumbani.

Stalin alizaliwa mwaka 1878 mjini Gori, Georgia, mtoto wa fundi viatu. Utotoni aliugua ndui, ikamwachia makovu usoni. Mkono wake wa kushoto nao uliumia, ukabaki mgumu maisha yake yote. Mama yake alitamani awe padri, akampeleka seminari, lakini kijana aliondoka bila kumaliza na kujiunga na wanamapinduzi. Kuanzia miaka ya 1920 aliitawala nchi kwa mkono wa chuma, na mamilioni ya watu waliteseka na kufa chini yake.

Kiafya, alikuwa mvutaji tumbaku wa miaka mingi na mwenye shinikizo la juu la damu. Mwaka 1952 daktari wake, Vinogradov, alimshauri apunguze kazi na kupumzika. Ushauri huo hakuupokea. Kabla mwaka haujaisha daktari huyo alikuwa gerezani, na Januari 1953 madaktari kadhaa walitangazwa gazetini kuwa wauaji, tuhuma ambazo baadaye serikali yenyewe ilikiri ni za uongo.

Usiku wa kuamkia Machi 1, 1953, Stalin alikula na wenzake katika nyumba yake ya Kuntsevo, nje kidogo ya Moscow. Wageni waliondoka alfajiri. Asubuhi hakutoka chumbani. Mchana ukapita. Walinzi walikuwa hatua chache tu kutoka mlangoni kwake, lakini walikatazwa kuingia bila kuitwa, na walimwogopa. Simu zilikuwepo ndani, lakini hakupiga. Hadi usiku ndipo mlinzi mmoja alipojipa moyo akaingia na barua mkononi. Alimkuta mzee wa miaka 74 sakafuni, nguo zimelowa mkojo, hawezi kusema.

Hata hapo, madaktari walifika asubuhi ya Machi 2. Upande wa kulia ulikuwa umepooza na presha ilikuwa 190 kwa 110. Walimwekea hata ruba. Alifariki Machi 5. Ilikuwa kiharusi cha mshipa kupasuka ndani ya ubongo, na kwa tiba ya wakati ule huenda angekufa hata kama angewahiwa. Lakini hakuna anayestahili kulala sakafuni siku nzima huku watu wapo nje ya mlango.

Mtu akilala sakafuni kwa saa nyingi, misuli iliyobanwa huanza kufa na sumu yake huumiza figo. Ngozi hufanya vidonda, maji mwilini hupungua, nimonia huingia. Na kama kiharusi ni cha damu kuganda, dawa ya kuiyeyusha hutolewa ndani ya saa nne na nusu tangu dalili zianze, baada ya kipimo cha CT skani. Ndiyo maana kila saa ina thamani.

Tangu miaka ya 1970, Ulaya na Marekani wana huduma ya kitufe cha dharura. Mzee hukivaa shingoni au mkononi. Akikibonyeza, mhudumu wa kituo huzungumza naye na kuwaita ndugu au gari la wagonjwa. Vingine hutambua vyenyewe kwamba mvaaji ameanguka. Ukikipata, ni msaada mkubwa. Usipokipata, simu ndogo ya kuning'iniza shingoni, yenye namba yako kwenye kitufe kimoja, au hata filimbi, inasaidia pia.

Lakini kumbuka, aliyepigwa na kiharusi anaweza kushindwa kubonyeza chochote. Kimya kingi kina mshindo. Kwa hiyo kaa na mzazi wako mkubaliane mambo matatu. Kwanza, saa maalumu za kumjulia hali, asubuhi na jioni. Pili, ufunguo wa akiba kwa jirani anayeaminika. Na komeo la ndani lisifungwe usiku. Tatu, ruhusa: asipoitika kwa muda mliopanga, mtu aingie bila kuogopa kumkosea heshima.

Ukimkuta mdomo umekwenda upande, mkono hauna nguvu au maneno yanakokota, usimpe chakula wala maji. Kama hana fahamu lakini anapumua, mlaze ubavu. Angalia saa ngapi alionekana mzima mara ya mwisho, kisha mwahishe hospitali.

Mzee akikataa kwa kuona anafanywa mtoto, mweleze kwamba nyumba ni yake na uamuzi ni wake. Unachoomba ni ruhusa ya kufungua mlango tu. Mwombe leo, akiwa mzima.