Edwin Armstrong na Sauti Isiyo na Kelele

Edwin Howard Armstrong alizaliwa New York, katika Marekani, mwaka wa 1890. Alipenda mno kusoma habari za wavumbuzi, na alipopata miaka 14 akaazimu kuwa mmoja wao.

Wakati ule simu ya upepo ilikuwa jambo jipya. Nyumbani kwao Yonkers alisimamisha mlingoti wa futi 125, akatunga waya wa kunasa ishara zitokazo mbali. Lakini milio yake ilikuwa hafifu mno.

Mwaka wa 1912, akiwa bado mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Columbia, aligundua njia ya kuikuza. Umeme uliotoka katika taa ya kioo iliyomo ndani ya mashine aliurudisha kidogo mwanzoni, upite tena na kuongezeka nguvu. Baadaye, redio zilipochukua maneno, wasikilizaji wengi walitumia njia hiyo. Umeme ukirudi kidogo mno, sauti ilififia. Ukizidi, mashine ilipiga mluzi na kufunika maneno. Basi msikilizaji alizungusha kishikio polepole mpaka mluzi uanze, kisha akakirudisha kidogo. Hapo maneno yakasikika.

Hata hivyo alibaki adui mmoja, yaani mikwaruzo iletwayo na radi. Kukuza sauti hakukufaa, maana kelele nazo zilikua pamoja nayo. Katika redio za siku zile maneno yaliongeza na kupunguza nguvu ya mawimbi, na radi ilifanya vivyo hivyo. Armstrong aliiacha nguvu ile ile, akabadili wepesi wa mitetemo. Hivyo mashine iliweza kutenga maneno na kelele. Alipewa hati za uvumbuzi huo mwaka wa 1933. Tarehe 5 Novemba 1935 aliwaonyesha mafundi wa New York kazi yake. Rafiki yake alipeleka sauti kutoka nyumbani kwake Yonkers, nao wakasikia hata maji yakimiminwa na karatasi ikikunjwa.

Baadaye makampuni yalitumia uvumbuzi huo pasipo kumlipa haki yake. Akayashtaki, mali yake ikapungua sana, akafa mwaka wa 1954 katika huzuni kuu. Lakini mkewe, Marion, hakuyaacha mashauri yale, na mwaka wa 1967 alishinda la mwisho. Redio za FM zisikikazo leo mijini na vijijini hutumia njia ile ile ya Armstrong.