Karamojo Bell: risasi ndogo, tembo 1,011

Wadau, huku Wanging'ombe ukitaja bunduki, mzee yeyote atakuletea Mkwawa. Mimi leo namleta Walter Bell, Mskochi wa mwaka 1880 aliyewinda tembo Karamoja, Uganda. Wenzake walibeba mizinga ya kutegua bega. Yeye alichagua Rigby ya milimita 7 na risasi ngumu ya kijeshi, ndefu, gramu 11 hivi. Teke lake dogo, kwa hiyo mpigaji hashtuki, na risasi ndefu inapita mfupa bila kupinda. Tena alikata fuvu la tembo kwa msumeno ajue ubongo umekaa wapi! Alifariki 1954. Shabaha namkubali, ila tembo 1,011 kwa ajili ya pembe? Roho inaniuma jamani. Mnasemaje?